Unakaa kando ya barabara kuu na hulali? Anzia hapa kabla ya kununua kioo

"Habari fundi, nakaa jirani na barabara, malori usiku kucha, nataka vioo vya kuzuia sauti, bei gani?"

Ujumbe wa namna hii naupata karibu kila wiki, maneno yakibadilika kidogo tu. Mimi ni fundi wa madirisha ya aluminiamu hapa Dar es Salaam, na wateja wangu wengi wako kandokando ya Barabara ya Mandela, ya Morogoro na ya Nyerere, kule ambako malori ya bandarini yanapita saa ambazo wenzao wa mitaa ya ndani wako usingizi wa pili. Ningependa kumuuzia kioo kila anayeuliza. Lakini nikifika kwake na futi mkononi, mara nyingi nakuta juu ya dirisha lile lile analotaka kulibadilisha kuna tundu la hewa la kudumu, limewekwa wavu wa mbu basi, mkono unapita hadi kwenye kiwiko. Hata nikimfungia kioo cha dirisha la benki, usiku wake utabaki ule ule.

Kwa hiyo nimeyaweka yote hapa kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe, nikianza na yasiyo na gharama. Kioo kiko hatua ya sita. Ukifika huko na bado unakihitaji, hapo ndipo tuongee bei.

Mambo mawili tu ya kujua kwanza

Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Magari yakiongezeka mara mbili, kipimo kinapanda desibeli 3 hivi. Sikio nalo huhisi kelele "zimepungua nusu" pale kipimo kinaposhuka desibeli 10. Maana yake desibeli 10 ni kazi kubwa ya kujivunia, na fundi anayekuahidi kuondoa kelele asilimia mia mwulize ni mia ya nini.

La pili, sauti ya barabara inaingia ndani kwa njia mbili. Inapita matunduni pamoja na hewa, na inapita kwa kuvitikisa vitu vyepesi: kioo, mlango, silingi. Ukuta wa tofali la inchi sita uliopigwa plasta ndani na nje hauna tatizo, usihangaike kuubandika chochote. Lakini ukuta huo huo wa mita 3 kwa 3 ukiuachia tundu la sentimita 30 kwa 30, ambalo ni asilimia 1 tu ya eneo lake, hauwezi tena kupunguza zaidi ya desibeli 20 hivi, hata ungekuwa wa zege tupu. Soma sentensi hiyo mara mbili, maana kazi karibu yote iliyobaki inatoka hapo.

Ukitaka namba ya kulenga: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1999 unataja desibeli 30 ndani ya chumba cha kulala, na ule wa 2018, ulioandikwa kwa ajili ya Ulaya, unapendekeza kelele za barabara usiku zisizidi 45 nje ya nyumba. Nyumba iliyo hatua chache kutoka barabara ya malori haitafika huko nje, na ndani kwa madirisha yetu haya ni vigumu. Usikate tamaa kwa hilo. Tunatafuta tofauti unayoihisi ukilala. Nayo si anasa, kwa sababu usingizi unaokatwakatwa kila usiku unahusishwa na shinikizo la damu na magonjwa ya moyo, hata kwa mtu anayesema "mimi nimeshazoea". Akili inazoea, mwili bado unashtuka.

Andaa hivi

- Simu yenye programu ya kupima sauti (za bure zipo) na daftari
- Tochi yenye mwanga mkali
- Chetezo na udi kidogo, au ubani. Hata kijiti cha uvumba kinatosha
- Futi, bisibisi, kisu
- Silikoni na bunduki yake
- Mpira wa kubandika wa mlango na dirisha, ule wenye gundi nyuma
- Saruji na mchanga kidogo, kama nyumba ni yako
- Ruhusa ya mwenye nyumba, kama umepanga. Iombe kabla. Mpangaji mmoja aliziba matundu vizuri sana, akahama, na gharama ya kuyazibua ikakatwa kwenye pesa yake ya tahadhari.

Hatua ya 1: Sikiliza siku tatu, uandike

Najua unataka kuanza kazi leo. Vumilia. Kwa siku tatu, kila ukishtuka usingizini andika saa na ulichosikia. Usiandike "kelele". Andika ni kelele gani: mngurumo mzito wa lori linalopanda gia, mvumo wa matairi usiokatika, honi ya basi la mikoani alfajiri, bodaboda iliyotolewa ekzosi, au kishindo.

Hapa usifanye haraka, maana kila sauti ina dawa yake. Mvumo wa matairi na honi ni sauti za juu, zinapenda matundu. Ukiziba zinapungua sana. Mngurumo wa injini ni sauti ya chini, unapita kwenye kioo chenyewe kwa kukitikisa. Huo unataka uzito na nafasi. Kishindo ndicho watu wanachokosea zaidi. Dada mmoja wa Tabata aliniita akitaka dirisha jipya kwa sababu "malori yanapiga kelele saa tisa". Nilikaa barazani kwake nikinywa chai yake ya tangawizi, na baada ya malori manne nikasikia: *kang-kang*. Mfuniko wa chemba barabarani ulikuwa umelegea, kila tairi likiukanyaga unaruka na kurudi. Sikumuuzia kitu. Alikwenda serikali ya mtaa, wakafuatilia, mfuniko ukatengenezwa, na dirisha lake la zamani liko pale hadi leo.

Basi kama ulichoandika ni kishindo, tembea barabarani mchana ukatafute: mfuniko uliolegea, shimo, kiungo cha daraja, tuta kali, au zile rasta zilizochorwa kabla ya tuta. Kontena tupu juu ya trela likipita shimoni linatoa mlio wa kumwamsha mtoto mtaa wa pili. Shimo kwenye barabara kuu ni la TANROADS. Barabara za mijini na za mitaa ni TARURA. Piga picha, andika eneo kwa alama inayojulikana, peleka barua kupitia ofisi ya mtaa wako. Inachosha, lakini ni shilingi sifuri.

Hatua ya 2: Pima tofauti

Simu yako haijui desibeli za kweli, hasa za Android ambazo kila moja ina kipaza sauti chake. Usichukue namba yake ukaenda nayo kwa mwanasheria. Inachojua vizuri ni tofauti: ikisema 68 hapa na 56 pale, hiyo 12 unaweza kuiamini.

Chagua saa moja, tuseme saa nne usiku. Pima dakika tano kila mahali, simu ikiwa juu ya kiti, si mkononi wala karibu na ukuta. Pima:

- barazani, upande wa barabara
- chumbani, dirisha wazi
- chumbani, dirisha limefungwa
- chumba cha uani, dirisha limefungwa

Zima feni na televisheni. Kisha angalia tofauti ya dirisha wazi na dirisha lililofungwa. Kama kufunga dirisha kumekupunguzia desibeli tatu nne tu, usilaumu kioo: sauti inaingia kwingine. Nenda hatua ya 4 mbio. Kama kumekupunguzia 15 au zaidi, nyumba yako ina afya, na sasa kioo chenyewe ndicho kinachobaki kuwa mlango wa sauti.

Hatua ya 3: Hamisha kitanda

Hii hakuna anayeipenda. Masta iko mbele, ina choo chake, ina dirisha kubwa linalotazama barabara, na tuliijenga hivyo ili ionekane. Lakini nyumba yenyewe ndiyo ukuta mkubwa kuliko wowote utakaoweza kuujenga. Upande wa uani, nyumba ikiwa imeukinga, mara nyingi ni kimya kuliko mbele kwa desibeli 10 au zaidi. Rudi juu: 10 ni nusu ya kelele kwa sikio. Kwa kubeba kitanda tu!

Geuza sebule iwe mbele, vyumba vya kulala viwe nyuma. Kama huwezi kuhama wote, wahamishe watoto na wazee kwanza. Kama huwezi kuhama kabisa, angalau ondoa kichwa cha kitanda chini ya dirisha, ukipeleke ukuta wa mbali, na kabati zito la nguo lisimame mbele ya mlango wa ziada usiotumika kama upo.

*Angalizo:* kama uani kuna jenereta ya jirani, baa, au ukuta mrefu unaotazamana na nyumba na kurudisha sauti, pima kabla ya kubeba.

Hatua ya 4: Tafuta matundu

Njia ya tochi. Usiku, zima taa zote chumbani. Mtu asimame nje na tochi, aipitishe taratibu kuzunguka fremu ya dirisha, juu yake, chini ya mlango, pembeni ya bomba la kiyoyozi, chini ya mabati. Wewe ndani unatazama. Popote mwanga unapopita, sauti inapita, na hata pengo jembamba kama kadi ya simu linahesabika.

Njia ya udi ndiyo ninayoipenda, kwa sababu inaona pembe ambazo tochi haizioni. Subiri jioni yenye upepo wa bahari, funga milango na madirisha, zima feni, kisha pitisha chetezo polepole kando ya fremu, sentimita tano hivi kutoka ukutani. Moshi ukipanda wima, hapo ni pazima. Ukilala ghafla au ukavutwa upande mmoja, weka alama kwa chaki. Mama mmoja wa Buguruni alinionyesha moshi wake ukiingia moja kwa moja kwenye soketi ya umeme, kama mtu anaufyonza na mrija. Nyuma ya soketi ile palikuwa na tundu lililotoboka hadi nje, la waya wa zamani.

Orodha ya maficho ya kawaida, kwa nyumba zetu:

- matundu ya hewa juu ya madirisha (mshtakiwa namba moja)
- brashi za dirisha la kusukuma zilizochakaa
- chini ya mlango wa mbele
- pale fremu ya aluminiamu inapokutana na plasta, chini ya silikoni iliyopasuka
- tundu la bomba la kiyoyozi
- kati ya ukuta na bati, pale silingi haipo au haikufika mwisho

Hatua ya 5: Ziba, lakini usijizibe

Kwanza hatari, kabla ya silikoni. Usizibe matundu ya chumba chenye jiko la mkaa, hita ya maji ya gesi, au kilicho karibu na jenereta. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na inaua watu waliolala. Jiko la mkaa halina ruhusa chumbani hata matundu yakiwa wazi. Chumba cha kulala nacho kinahitaji hewa: ukikifunga kabisa kwa hali ya hewa ya Dar, utapata joto, jasho na ukungu mweusi pembeni ya silingi ndani ya msimu mmoja wa masika.

Kwa hiyo kanuni ni hii: ziba kabisa upande wa barabara, acha hewa iingie kutoka uani. Mlango wa ndani uachie nafasi kidogo chini, au dirisha dogo juu yake, ili hewa ya nyuma ifike mbele.

Sasa kazi:

a) *Fremu na ukuta.* Kwangua silikoni ya zamani yote kwa kisu, futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, paka mpya. Kosa la kila siku: kupaka mpya juu ya ya zamani. Haishiki, itafunuka kama ganda la kitunguu.

b) *Dirisha la kusukuma.* Badilisha brashi, zinauzwa kwa mita. Hakikisha kufuli inavuta kioo hadi mwisho. Matundu madogo ya kutolea maji chini ya reli usiyazibe. Mvua ya kwanza itaingia sebuleni.

c) *Mlango.* Bandika mpira pande tatu, na chini weka kizingiti au brashi. Mlango mwepesi ulio mtupu ndani, ukiugonga unalia kama ngoma, utakusaidia kidogo tu. Wa mbao nzima, mninga au mkongo, ni mwingine kabisa.

d) *Bomba, waya, soketi.* Tundu kubwa jaza chokaa ya saruji kwanza, kisha silikoni juu. Lile povu la kopo linalovimba ni jepesi. Linazuia upepo na mjusi, sauti linaiacha ipite. Soketi: zima umeme kwenye meini swichi kabla ya kuigusa, au mwite fundi umeme.

e) *Tundu la hewa la upande wa barabara.* Kama chumba kina njia nyingine ya hewa, lizibe kwa tofali na plasta, si kwa boksi wala gazeti. Kama ndiyo njia pekee, tengeneza sanduku la kona. Chukua plaiwudi ya milimita 18, unda sanduku la kina cha sentimita 25 na urefu wa kati ya sentimita 80 na mita 1, pana kuliko tundu kwa sentimita 10 kila upande. Lifunge ukutani kwa ndani, sehemu ya juu ikifunika tundu, chini likiwa wazi likitazama sakafu. Ndani yake bandika pamba ya mawe (rockwool, ile ya nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa) ya sentimita 5 iliyofunikwa kitambaa chepesi. Kingo zote zinazogusa ukuta zipigwe silikoni. Hewa inapinda na kushuka bila taabu. Sauti inagonga pamba kila inapojaribu kupinda, hasa zile sauti za juu za matairi na honi. Vaa glavu na barakoa ukikata pamba hiyo, inawasha. Na usitumie sponji ya godoro badala yake: ikishika moto inawaka haraka na moshi wake ni sumu.

Ukimaliza, rudia kipimo cha hatua ya 2. Nakusihi upime sasa, kabla ya kutoa hela ya kioo. Wengi huishia hapa.

Hatua ya 6: Dirisha lenyewe

Sasa ndiyo tunaongea kioo. Nitakwambia ninachowaambia ndugu zangu.

*Luva.* Vile vioo vya vipande vinavyopindua havizibiki. Hata ukivifunga vizuri, kila kipande kina pengo lake. Kama huwezi kulitoa, funga kioo kizima mbele yake kwa ndani, kwenye fremu yenye mpira, na hewa uitafute uani.

*La kusukuma.* Hili ndilo ninalouza zaidi, na kwa kelele ndilo dhaifu, kwa sababu linategemea brashi. Miaka ya nyuma nilimfungia mteja madirisha sita ya kusukuma yenye kioo kinene, nikamwambia atapata usingizi. Hakupata. Kosa lilikuwa langu: niliongeza unene wa kioo nikaacha njia ya brashi vile vile. Ukitaka kimya, agiza dirisha la kufungua kwa nje, linalobanwa kwenye mpira pande zote nne.

*Unene.* Kioo cha milimita 4 kwenda 6 kinasaidia desibeli chache tu. Uzito wa kitu ukiuongeza mara mbili unapata desibeli 5 au 6 hivi, basi piga hesabu mwenyewe kama bei inalingana. Kioo kilichopikwa kisivunjike ovyo ni salama zaidi, ila hakipunguzi sauti kuliko cha kawaida chenye unene ule ule. Kile cha tabaka mbili zenye plastiki katikati, kama kioo cha mbele cha gari, ndicho kinachozuia zaidi, maana ile plastiki inameza mtikisiko.

*Vioo viwili.* Watu wanasikia "dabo" wanadhani wamemaliza. Vioo viwili vilivyofungwa pamoja vikiachana kidole kimoja ni vizuri kwa joto la kiyoyozi. Mngurumo wa lori unavitikisa vyote pamoja kana kwamba ni kimoja. Kinachofanya kazi ni nafasi. Acha dirisha lako la zamani mahali pake, ulizibe vizuri, kisha ongeza la pili kwa ndani likiwa limeachana nalo sentimita 10 hadi 15. Unene wa vioo utofautiane, kwa mfano 4 nje na 6 ndani, ili visitetemeke kwa mlio mmoja. Kwa mpangaji hii ndiyo njia bora, kwani ukihama unaling'oa na kuondoka nalo.

*Angalizo:* grili iliyolegea inalia yenyewe lori likipita. Ishike kwa mkono wakati wa kishindo. Ikinyamaza, umempata mwizi.

Hatua ya 7: Juu ya kichwa

Nyumba ya chini isiyo na silingi, au zile ambazo kuta za vyumba hazifiki kwenye bati, zinapokea sauti kutoka juu. Hapo hata dirisha la dhahabu ni bure. Anza na silingi ya jipsamu iliyofungwa vizuri pembeni, na pamba ya mawe juu yake. Ukiweza, weka jipsamu tabaka mbili, maungio yasikutane. Ile nafasi kati ya ukuta wa nje na bati izibwe upande wa barabara, iachwe upande wa uani ili dari lipumue. Faida ya ziada: pamba hiyo inapunguza na joto la bati, na mvua ya masika hutaisikia kama mawe.

Hatua ya 8: Ukuta wa nje, kama una kiwanja

Kabla ya tofali la kwanza, ijue mipaka. Sheria ya Barabara ya 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara, na kuna maeneo ambako hifadhi ni pana zaidi. Waliobomolewa nyumba Kimara mwaka 2017 kwa kuwa ndani ya hifadhi hawahitaji kukumbushwa. Ukuta uliojengwa ndani ya hifadhi utapigwa X na hutalipwa. Uliza kwanza.

Ukuta unafanya kazi pale unapokata macho. Simama ulipo mto wako wa kulalia: kama unaona injini na matairi ya lori, ukuta bado ni mfupi. Unapokata tu mstari huo wa macho unapata desibeli 5 hivi, na kila mita ya ziada inaongeza kama 1.5. Ghorofa ya juu inayouchungulia ukuta haipati kitu. Ukuta uwe mzito, tofali linatosha kabisa. Bati jepesi halitoshi. Usiwe na matundu ya maua ya zege, na uzunguke pembeni, maana sauti inajua njia ya kona. Geti la nondo zilizo wazi ni dirisha kubwa lisilofungwa. Liwekee sahani ya chuma hadi chini.

Miti? Panda, inashika vumbi, inaleta kivuli, na kutoiona barabara kunatuliza. Ila mstari mmoja wa miashoki hauzuii sauti. Ungehitaji msitu mnene wa makumi ya mita, na kiwanja cha namna hiyo ungekijengea nyumba mbali na barabara.

Usitupe hela kwenye hivi

Trei za mayai ukutani. Naziona hata leo! Ni karatasi, hazina uzito, sauti inapita kana kwamba hazipo, na ni kuni za moto. Sponji zenye vinundu vinundu kama za studio zinapunguza mwangwi wa ndani tu. Mapazia mazito yanafanya chumba kisikike laini zaidi, hayazibi barabara. Na rangi "ya kuzuia sauti" sijawahi kuiona ikimlaza mtu.

Umefanya yote na bado?

*Matairi yamepotea, mngurumo umebaki.* Kawaida. Matundu yamezibwa, sasa ni kioo au silingi. Weka kiganja kwenye kioo lori likipita; ukihisi mtetemo, rudi hatua ya 6, dirisha la pili. Ukihisi zaidi sakafuni, hiyo inapita ardhini kutoka kwenye shimo au tuta, na hakuna dirisha litakaloitibu. Rudi kwenye barua ya barabara.

*Kioo kinalia tititi.* Mpira unaokishika umekauka au haukujaza. Unabadilishwa kwa nusu siku.

*Sasa nasikia saa ya ukutani, bomba la jirani, na mtu wa chumba cha pili akikoroma.* Hongera. Vilikuwepo siku zote, barabara ilikuwa inavifunika. Feni ya mwendo wa kwanza itavifunika tena kwa upole.

*Joto limezidi.* Umeziba upande wa barabara bila kufungua wa uani. Fungua dirisha la nyuma, achia nafasi chini ya mlango wa chumba, weka feni ya kunyonya hewa upande wa nyuma. Kiyoyozi cha ukutani kinapoza hewa ile ile ya ndani, hakileti mpya, kwa hiyo tundu moja la uani liachwe hata ukiwa nacho.

*Ukungu pembeni ya silingi.* Jibu lile lile: hewa haitembei. Usipake rangi juu yake kabla ya kurekebisha hewa.

*Bodaboda isiyo na ekzosi, saa nane, kila siku.* Kilele kikali kama hicho kinapenya hata chumba kizuri. Kama ni ya kijiwe cha mtaani kwenu, mwenyekiti wa mtaa na viongozi wa kijiwe huwa wepesi kuliko polisi. Nenda mchana, kwa heshima, na namba ya pikipiki kwenye karatasi.

*Ninahama baada ya miezi mitatu, sitaki kujenga chochote.* Mpira wa mlango, chumba cha uani, na vizibo vya masikio vya sponji: visokote viwe vyembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie hadi kivimbe. Wengi hukiacha kimening'inia nje halafu wanasema hakifanyi kazi. Mwenye mtoto mchanga asivae vyote viwili usiku.

*Nimepima, tofauti ni desibeli 4 tu baada ya kila kitu.* Nitumie picha ya ukuta wote wa mbele, kuanzia sakafu hadi bati, taa ikiwa imewashwa ndani na nje kukiwa giza. Naanza kutazama juu ya dirisha.